Radhi ya Mkono wa Kushoto

Korkoi Tettey alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wanaume wa kiwanda cha nondo kuliko joto la tanuru: hamsalimu mtu mpaka amwangalie miguu kwanza. Akikuta buti, atakusalimu vizuri, atakuuliza habari za mke, za watoto, na za mbuzi kama unao. Akikuta kandambili, hasemi neno. Ananyoosha kidole kuelekea getini, basi.

"Mama Korkoi, buti zinanibana jamani!"

"Chuma cha moto hakibani. Kinatoboa. Nenda."

"Nimetoka Ashaiman kwa miguu mimi!"

"Basi miguu inaijua njia. Irudishe nyumbani ikavae."

Na mtu anarudi, ananung'unika njia nzima, kwa sababu kubishana na Korkoi mbele ya wenzako ni kujitafutia jina la utani la mwaka mzima. Kuna mmoja aliyebisha mwezi wa kwanza, na mpaka leo anaitwa Bwana Kandambili, hata kanisani.

Alikuwa mzaliwa wa Tema, mji wa bandari wa Ghana, mtoto wa pili wa mwanamke aliyekausha samaki kwa moshi na kuwauza kabla jua halijawa kali. Aliingia kiwandani akiwa na miaka ishirini na miwili, wakati wanawake wa pale walikuwa wawili tu, yeye na mpishi wa waakye, wali wa kunde, na mpishi mwenyewe hakuwa ameajiriwa. Waliomchukua walidhani atafagia. Yeye akaomba kazi ya kufunga minyororo kwenye mafungu ya nondo ili kreni iyanyanyue, na kwa kuwa mabega yake yalikuwa mapana kuliko ya msimamizi, hakuna aliyepinga.

Kazi ile aliifanya miaka kumi na miwili. Halafu Ijumaa moja alasiri, fungu la nondo likashuka kabla hajaondoa mkono. Mkono wa kulia ukabaki na kidole gumba na kipande cha kidole cha shahada. Aliyekuwa juu kwenye kreni siku hiyo ni dereva wake, Mjomba Asiamah, mjomba wa kiwanda kizima kwa ajili ya umri wake. Kila mtu kiwandani alilijua hilo, na hakuna aliyelitaja. Ripoti ilikuwa na mistari minne, na wa tatu ulisema hivi: mfanyakazi aliweka mkono mahali pasipostahili. Mjomba Asiamah akatia sahihi kama shahidi, Korkoi akatia dole gumba, maana ndilo lililobaki, na jambo likaisha.

Liliisha kwenye karatasi. Nyumbani halikuisha. Miezi minane Korkoi alijifunza upya kuchana nywele, kufunga kilemba na kufunga mlango, yote kwa kushoto. Kula ndiko kulikoleta ugomvi. Mama yake aliapa kwamba hakuzaa mtoto wa kutia mkono wa kushoto kwenye bakuli mbele za watu, akawa anamega mwenyewe kenke, ule ugali wa mahindi yaliyochachuka, anachovya kwenye pilipili, anamlisha binti wa miaka thelathini na minne kama kifaranga. Korkoi alikubali kwa wiki mbili. Wiki ya tatu akajifunza kubana tonge kwa dole gumba na kile kipande, na mama akalia kwa furaha, na samaki wakaungua.

Aliporudi kazini alipewa stoo, agawe glavu. Alizigawa miaka minne. Kisha wakaja wakaguzi wa serikali na madaftari yao, wakahesabu waliyoyahesabu, wakaandika kwamba kiwanda lazima kiwe na mwangalizi wa usalama, na kwamba ishara za kreni zitolewe na mtu mmoja tu, naye awe ni huyo mwangalizi. Meneja, Bwana Ocansey, akamwita Korkoi ofisini.

"Nimekuchagua wewe," akasema. "Wengine watahitaji hotuba ya saa nzima. Wewe ukiingia, watu wanauangalia mkono, hotuba imekwisha."

"Ahsante, bosi. Sijui kama hiyo ni sifa."

"Ni sifa. Miezi mitatu ya majaribio. Ukiweza, kazi ni yako na kofia ya kijani. Ukishindwa, stoo inakusubiri."

Korkoi aliitaka ile kofia ya kijani kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka, na aliona haya kuitaka hivyo. Si mshahara. Alitaka asiwepo mama mwingine Tema wa kumlisha mtu mzima kenke.

Akaanza kwa kishindo. Kila asubuhi, kabla ya kazi, dakika tano za maneno chini ya kreni. Hakupenda mabango, alisema mabango ni ya ukuta, na ukuta haukatiki vidole. Siku ya kwanza aliwaambia wanaume arobaini waweke mkono wa kulia mfukoni, wafunge kamba za buti kwa mkono mmoja. Atakayefunga, yeye Korkoi atamlipia chakula cha mchana. Ikawa vurugu tupu. Watu wazima walijiviringisha sakafuni, mmoja akajaribu kwa meno, na Napari, kijeba wa Tamale, kule kaskazini, mwenye mdomo usiopumzika, akatangaza kwamba kamba zake zina pepo. Hakuna aliyeshinda. Korkoi akainama, akafunga za kwake kwa kushoto, mafundo mawili, akasimama.

"Mimi nilijifunza miezi minane," akasema. "Niliweka mkono mahali pasipostahili. Kosa langu. Nyinyi msilirudie."

Mchana ule glavu ziliisha stoo kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kijengwe. Na kila asubuhi, kwa namna moja au nyingine, alimalizia na maneno yale: kosa langu, nyinyi msilirudie. Ukimsikiliza ungeona anayasema kwa unyofu, kama mtu anayesoma andiko.

Shida ilikuwa juu, mita kumi na mbili kutoka sakafuni.

Mjomba Asiamah alikuwa na miaka hamsini na minane, mzee wa kanisa, viatu vyake viking'aa hata kwenye vumbi la chuma, leso iliyopigwa pasi mfukoni. Kreni ile ilikuwa kongwe, ina vituko vyake, na hakuna mwingine aliyejua kuibembeleza. Kwa hiyo hata Bwana Ocansey alimwamkia yeye kwanza. Kuhusu usalama alikuwa na neno moja tu, nalo lilikuwa "ajali haina kinga," neno ambalo Korkoi alilichukia kuliko kandambili. "Kinga ipo," alikuwa akimjibu kimoyomoyo. "Iko stoo, saizi nane mpaka kumi na mbili."

Siku ya kwanza ya ishara, Korkoi alisimama sehemu yake, akainua mkono wa kushoto, akazungusha kidole: nyanyua. Kreni haikutikisika. Akazungusha tena. Kimya. Wafungaji wa minyororo wakatazamana. Mwishowe kichwa cha Mjomba Asiamah kikachomoza dirishani, na sauti yake ikashuka, sauti ya mtu aliyezoea kuongoza nyimbo.

"Mwambieni huyo binti! Kwao hawakumfundisha kitu?"

Hapo kila mtu alielewa. Tema, mkono wa kushoto ni wa chooni na wa kufukuzia nzi. Hutoi kitu kwa kushoto, hupokei, humwonyeshi mtu njia, sembuse kumpungia mzee juu ya kichwa chake kama unayemfukuza kuku. Ukilazimika, kwa mfano una mzigo kulia, unaomba radhi kwanza, ndipo unautumia.

"Mjomba, wa kulia hausomeki!" Korkoi alipiga kelele. "Ukiwa huko juu unaona ngumi tu! Nyanyua ngumi, shusha ngumi, simama ngumi!"

"Basi atafutwe mwenye mikono!"

Maneno yale yalimchoma Korkoi mpaka kwenye mifupa, hasa kutokana na kinywa kilichoyatoa. Alitaka kusema jambo. Lakini kalelewa kuwastahi wazee.

Bwana Ocansey alihangaika wiki nzima. Alinunua simu za upepo mbili; kwa kelele za tanuru kilichosikika ndani yake kilikuwa kama samaki anayekaangwa. Akaja na bendera ya kufunga kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Mjomba Asiamah akasema yeye si lori la kuongozwa kwa bendera. Mwishowe pakapatikana maridhiano. Korkoi atumie kushoto, lakini kabla ya kila ishara aweke mkono wa kulia kifuani na kuinamisha kichwa, kuomba radhi. Mzee akiona kichwa kimeinama, atatii.

"Heshima haina gharama," Bwana Ocansey akasema, akajifuta jasho.

Na kweli mambo yakaenda. Inama, nyanyua. Inama, sogeza. Inama, shusha. Kwa siku mara mia mbili. Kiwanda kizima kikapenda kule kuinama. Watu wakawa wanainamiana kwenye foleni ya waakye kabla ya kuomba yai la ziada, na Napari aliinamia hata bomba la maji. Korkoi alicheka pamoja nao. Shingo ilimuuma, lakini alijiambia amani ni amani, na wiki zilikuwa zinakatika, saba, nane, tisa, na kofia ya kijani ilikuwa inakaribia.

Alhamisi ya wiki ya kumi, fungu la nondo lilikuwa linapita juu, linaelekea kwenye malori. Napari alidondosha utepe wake wa kupimia, akarudi nyuma hatua mbili kuuokota. Wakati uleule Korkoi akaona mnyororo wa upande mmoja unateleza.

Mkono wa kulia ukaenda kifuani. Kichwa kikainama.

Alipokiinua, ncha ya fungu ilikuwa imekwisha kushuka na kugonga sakafu, cheche zikaruka, na Napari alikuwa amelala chali anatazama paa.

"Nimekufa?" Napari akauliza.

Hakufa. Ncha ile iliangukia mguu, mguu ulikuwa ndani ya buti, na buti ilikuwa na chuma mbele, buti ileile aliyoilalamikia mwezi mzima. Kidole kidogo kilivunjika, basi. Walipombeba kwenda zahanati alikuwa anawaamuru wabebaji wapite mbele ya mpishi wa waakye ili amwonee huruma. Watu walicheka, wakapumua, wakarudi kazini.

Korkoi hakucheka. Alikwenda nyuma ya stoo, akakaa juu ya katoni la glavu, akalisema kwa sauti, peke yake: "Mtu anakufa, mimi nimeinama." Alihisi hasira ambayo hakuwahi kuihisi hata hospitalini. Ilikuwa hasira kwa mzee, na kwa meneja na heshima yake isiyo na gharama, na zaidi ya wote kwa nafsi yake, kwa namna shingo yake ilivyotii bila hata kumuuliza.

Akaenda ofisini bila kubisha hodi.

"Siinami tena, bosi. Ishara ya kusimama ni kusimama, hata ikitolewa na mbuzi."

Bwana Ocansey alivua miwani. "Mzee hatakubali."

"Basi mimi sifanyi."

"Korkoi, sina dereva mwingine wa kreni ile. Mwangalizi naweza kumpata." Alisema kwa aibu, lakini alisema. "Elewana naye kufikia Jumatatu. Isipokuwa hivyo, nitamweka mwenye mikono miwili, nawe utarudi stoo. Usinichukie."

"Hilo sijui kama nitaliweza," Korkoi akajibu, akatoka.

Jioni alipitia kwa Napari, ambaye alikuwa amelazwa kwenye mkeka mguu juu ya ndoo, anahudumiwa na dada zake watatu kama chifu. Akamweleza yote.

"Mama, mbona rahisi," Napari akasema. "Wewe unaomba radhi rejareja. Mara mia mbili kwa siku, nani ataweza? Omba jumla. Nenda kwake na chupa, omba radhi ya mkono wa kushoto ya leo, ya kesho, mpaka mzee astaafu. Kama gunia la mchele. Ukishalinunua huulizwi kila kikombe."

Korkoi akamtazama. "Kumbe kichwani mna kitu."

"Mna mengi, ila hamuulizi. Na msemaji wako nitakuwa mimi. Mtu haendi kwa mzee na mdomo wake mwenyewe."

Jumapili baada ya kanisa wakaenda Jumuiya ya Saba, mtaa alikokaa mzee, Korkoi amevaa kitenge kizuri, na chupa ya shinapsi, pombe ya kupelekea wazee, ndani ya mfuko, maana mkono mtupu haulambwi, na Napari na gongo lake la kutembelea, akichechemea zaidi kila walipopita mbele ya wasichana. Mke wa mzee, Mama Pokua, aliwapokea, akawapa viti, akawapa maji. Walipokwisha kunywa, Mjomba Asiamah, aliyekuwa bado na suti ya kanisani, akamgeukia Napari kama inavyotakiwa.

"Hapa ni kwema. Nyinyi ndio wenye safari, semeni kilichowaleta."

Napari alikohoa kwa fahari. Akaeleza, kwa mapambo mengi na methali mbili za kwao ambazo hakuna aliyezielewa, kwamba binti huyu kaja kuomba radhi ya mkono wake wa kushoto, radhi ya jumla, ili kuanzia kesho akiuinua uwe umekwisha samehewa kabla haujafika juu, kwa sababu siku ile ya Alhamisi radhi ilichelewesha ishara, na yeye msemaji anao ushahidi ndani ya bandeji.

"Mwambie nimesikia," mzee akasema, akitazama ukutani. Korkoi alikuwa mita moja kutoka kwake.

"Anasema kasikia," Napari akamwambia Korkoi.

"Mwambie namshukuru."

"Anakushukuru, Mjomba."

"Mwambie jambo hili zito. Desturi haiuzwi kwa gunia."

"Anasema wewe si mchele, yaani, desturi..."

Na ghafla Korkoi akachoka. Alimtazama yule mzee anavyotazama ukuta, akakumbuka kwamba miaka minne hajawahi kumwona akimtazama yeye. Anatazama kofia yake, bega lake, nyuma yake. Kwenye ishara alikuwa anatazama kichwa kinachoinama. Akaona kwamba alichokijia hapa sicho alichokuwa anakitaka.

"Napari, nyamaza kidogo." Akamgeukia mzee moja kwa moja, jambo ambalo mama yake angelizimia kulisikia. "Mjomba, siku ile ya Ijumaa. Uliniona?"

Mama Pokua, aliyekuwa anakusanya bilauri, akasimama palepale na trei mkononi.

Mzee alitoa leso mfukoni. Hakujifuta nayo kitu. Aliikunja, akaikunja tena.

"Nilikuwa na mazishi Kumasi," akasema mwishowe, naye hakumpitia msemaji. "Mazishi ya kaka yangu. Basi lilikuwa linaondoka saa kumi. Nilikuwa natazama saa. Sikukutazama wewe. Hukunipa ishara, na mimi nilishusha."

Akaikunjua leso.

"Bwana Ocansey alileta karatasi imekwisha kuandikwa. Nikatia sahihi. Nikajiambia, ajali haina kinga. Na ulipoanza kuuinua huo mkono," akasema, "kila ukiuinua, naona ule mwingine. Nikasema ni adabu. Haikuwa adabu, mwanangu. Nilitaka mtu mwingine yeyote asimame pale."

Korkoi alikaa. Alitarajia kwamba akilisikia neno hilo atafarijika, lakini kilichokuja kwanza hakikuwa faraja. Kilichokuja ni zile asubuhi zote. Kosa langu, nyinyi msilirudie. Alilisema mbele ya wanaume arobaini, siku baada ya siku, na kabla yao alilisema kwa mama yake, na kabla ya mama alilisema kwa nafsi yake kitandani hospitalini, miezi minane, mpaka akaliamini. Aliwafundisha watu usalama kwa uongo ambao hata hakujua ni uongo. Machozi yakamtoka, akayaacha.

"Ungeniambia," akasema. "Mjomba, ungeniambia tu."

"Nilipaswa kukuambia."

Mzee akaisukuma ile chupa waliyoiweka mezani, akamrudishia. "Hii rudi nayo. Mwenye kuomba radhi si wewe. Nitakuja kwa mama yako na ya kwangu, na wazee wangu." Akamgeukia Napari. "Nawe utanisemea."

"Pande zote mbili?" Napari akasema, akijifuta jicho kwa kiwiko. "Mjomba, hapo itabidi mniongezee gongo la pili."

Mama Pokua akacheka kwanza, cheko la mtu aliyelibana siku nyingi, na wengine wakafuata.

Jumatatu asubuhi Korkoi alisimama chini ya kreni mbele ya watu wake, na hakujua aanze wapi. Maneno aliyoyazoea yalikuwa hayafai tena. Alikuwa bado anatafuta mengine aliposikia viatu kwenye ngazi ya chuma. Mjomba Asiamah, ambaye hakuwahi kushuka kwa ajili ya dakika tano za mtu yeyote, alikuwa anashuka, taratibu, kidato baada ya kidato, leso mkononi. Alipofika chini alivua kofia yake.

"Kila siku anawaambieni ni kosa lake," akasema. "Si kosa lake. Nilishusha bila kutazama, nilikuwa nawahi basi. Ripoti inasema uongo, na sahihi yangu ipo pale. Leo nitaandika nyingine." Akamtazama Korkoi. "Na kuanzia leo, huo mkono ukiinuliwa, wa kushoto hivyohivyo, mimi nasimama. Siombwi radhi."

Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, lakini huyu alijivua mwenyewe, tena mbele ya watu aliowazidi umri wote. Ndipo yule anayeitwa Bwana Kandambili akajikuna shingo.

"Mimi basi," akasema, "ile kinga ya msumeno niliitoa mimi. Wiki mbili sasa. Inanichelewesha. Nimeificha nyuma ya pipa."

"Wewe!" mtu akafoka, lakini mwingine akawa amekwisha kuanza, kwamba mnyororo wa Alhamisi aliuona umelika tangu Jumanne, akasema ataripoti, akasahau. Na mwingine, kuhusu waya uliochunika karibu na maji. Wakawa wanapokezana, wengine wakicheka kwa aibu, wengine wakitazama buti zao, na Korkoi anaandika kwa mkono wake wa kushoto, ukurasa wa kwanza, wa pili, hati yake ikilala huku na huku kwa haraka.

Dakika tano zikawa ishirini, zikawa arobaini. Malori yalikuwa yanapiga honi nje. Mlango wa ofisi ukafunguka na Bwana Ocansey akatoka, saa mkononi, amekwisha kufungua kinywa kuwaambia warudi kazini.

Bila hata kugeuka, Korkoi akainua mkono wa kushoto, kiganja wazi. Simama.

Bwana Ocansey akasimama, na aliyekuwa anaeleza habari za waya akaendelea kueleza.